Shemeji kakosea sababu: kununua nyumba Tarneit, magharibi mwa Melbourne

Swali: Shikamoo kaka. Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, tunapanga Footscray, Melbourne. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu anaendesha foklifti ghalani Truganina. Tuna watoto watatu. Ukaazi wa kudumu tumeupata mwaka jana, na akiba yetu imefika dola 60,000. Tumeona nyumba ya vyumba vinne Tarneit, wanataka dola 650,000. Shemeji yangu anatukataza: anasema kule ni Wahindi watupu, bei haipandi, na siku ya kuuza tutakwama nayo. Kaka yangu wa Muscat yuko tayari kutuongezea pesa, ila anataka jina lake liwemo kwenye hati. Na ni kweli kwamba kule kunanuka maji ya choo?

Jibu: Marahaba dada. Shemeji yako kachukua maneno mawili, moja la watu na moja la bei, kayafunga mzigo mmoja kama vile la kwanza ndilo linalozaa la pili. Kazi yangu ni uthamini. Benki hunituma nikaangalie nyumba kabla hazijatoa mkopo, na Tarneit naingia karibu kila wiki. La bei lina ukweli wake. La watu halina, na nianze na hilo maana ndilo linalosemwa sana kwenye mikusanyiko yetu ya Jumapili.

Tarneit iko kilomita 25 hivi magharibi ya katikati ya jiji, ndani ya halmashauri ya Wyndham. Miaka ya mwisho ya 1990 palikuwa mashamba, mawe meusi ya volkano na kuta za mawe zilizopangwa na wakulima wa zamani. Sensa ya 2021 ilikuta watu 56,370. Halmashauri nzima ilikuwa na watu 161,575 mwaka 2011, na miaka kumi baadaye ikafika karibu 292,000. Ni kama kuongeza mji mzima ndani ya muongo mmoja, na Tarneit imebeba sehemu kubwa ya mzigo huo.

Ni kweli waliozaliwa India ni wengi sana, na baada ya Kiingereza lugha utakayoisikia zaidi ni Kipunjabi. Masingasinga wana hekalu lao, maduka ya Derrimut Road yana unga wa dengu na mchele wa magunia, na siku ya Diwali fataki hazikulazi. Lakini hebu tazama hao watu ni akina nani. Ni wauguzi, wahandisi wa kompyuta, madereva wa malori, wenye shahada walioanza na kazi za usiku. Ni wazazi vijana: Australia nzima nusu ya watu wana zaidi ya miaka 38, Tarneit ni vijana mno kuliko hapo. Nyumba moja ina watu zaidi ya watatu kwa wastani wakati wastani wa nchi ni 2.5, na mara nyingi bibi na babu wako humo humo wakilea wajukuu. Wanakuja kununua, si kupanga tu. Wanapenda vyumba vinne, mabafu mawili na sebule ya pili ya wazee. Ndiyo nyumba uliyoiona wewe, na ndiyo watakayoitaka siku utakapoiuza. Kwa hiyo anaowataja shemeji kama kasoro ndio wateja wako wa kesho. Ningekuwa na wasiwasi kama wangekuwa wanahama, na hawahami.

Sisi wenyewe hatukosekani. Utakuta Wasudani Kusini, Wakenya, Wakongo, na kwa kuwa nyinyi ni watu wa Tanga, pengine mtapenda kujua kwamba jirani hapo Hoppers Crossing upo msikiti unaoitwa kwa jina la Bibi Mariamu, mama yake Nabii Isa, na Truganina ipo shule kubwa ya Kiislamu ya Al-Taqwa. Mumeo ndiye atakayeokoa muda zaidi. Kutoka Footscray hadi ghalani anapishana na malori ya nusu ya jiji. Kutoka Tarneit ni dakika kumi na kitu.

Sasa la bei.

Bei ya nyumba hapa ni bei ya vitu viwili vilivyowekwa pamoja, kiwanja na jengo. Jengo huchakaa, kama gari. Kinachopanda ni kiwanja, na kiwanja hupanda pale kinapokuwa adimu. Footscray unakopanga imezungukwa, hakuna pa kwenda, kilomita tano tu toka mjini. Tarneit bado inafunguliwa. Ukisimama kwenye ukingo wa kaskazini utaona mabango ya kampuni za viwanja, greda, mirundo ya udongo, halafu tena mabango. Kila mwezi viwanja vipya vinatoka, vingi vya mita za mraba 350 au 400.

Hapo ndipo kwenye mkwamo wa kweli. Mtu anayeuza nyumba yake ya miaka mitano Tarneit hashindani na jirani peke yake. Anashindana na mjenzi anayeuza mpya kabisa nusu kilomita mbele, ina harufu ya rangi, na anamwambia mnunuzi kwamba serikali itampa dola 10,000 za nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba ya zamani hana dola 10,000 za kutoa. Nimewahi kutumwa kuthamini nyumba kwenye barabara moja fupi nikahesabu mabango manne ya "Inauzwa", nyumba zote zimejengwa kwa ramani moja, tofauti yake mapazia. Katika hali hiyo anayeweka bei ni yule mwenye haraka kuliko wote. Kama mmoja anaachana na mkewe au ameshindwa na rejesho, bei yake ndiyo ninayoandika kwenye ripoti ya wengine watatu.

Halafu Melbourne yote ilipoa. Benki Kuu ya Australia ilikuwa na riba ya asilimia 0.10 wakati wa korona, ikaanza kupandisha Mei 2022, ikapandisha mara 13 hadi 4.35 Novemba 2023. Mwaka 2025 ilishusha mara tatu, Agosti ikawa 3.60. Mji wenye familia changa zenye mikopo mikubwa uliumia kuliko mitaa ya wazee waliokwisha kumaliza madeni. Juu yake serikali ya Victoria, jimbo lenye Melbourne, ikashusha kiwango cha kuanza kutoza kodi ya ardhi hadi dola 50,000 tangu Januari 2024, na wawekezaji wakaona bora wauze. Matokeo yake, Brisbane, Adelaide na Perth, miji tuliyozoea kuiona ya bei nafuu, iliipita Melbourne kwa bei ya kati ya makazi. Tarneit imekaa kwenye laki sita na kitu kwa nyumba ya kawaida, miaka inapita.

Aliyenunua akitarajia kuuza baada ya miaka miwili amelia. Aliyenunua ili watoto wasihamishwe shule kila mwenye nyumba anapobadili mawazo, huyo yupo, halii. Nyinyi mko kundi la pili, na ndiyo sababu siwezi kuungana na shemeji kuwakataza. Mnaponunua mahali ambapo bei imelala ndipo mnapopata nafasi ya kusema "hapana, punguza".

Tuje kwenye mfuko wenu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 mpango wa dhamana ya serikali kuu kwa nyumba ya kwanza hauna kikomo cha kipato, na kwa Melbourne unaruhusu nyumba hadi dola 950,000. Raia na wenye ukaazi wa kudumu wote wanaingia. Unatoa kianzio cha asilimia 5, serikali inaidhamini benki hadi asilimia 15 nyingine, na unaepuka ile bima ya mkopesha ambayo kwa mkopo kama wenu ingekula maelfu mengi bila kukulinda wewe hata kidogo. Kwa nyumba ya 650,000 kianzio ni 32,500.

Ushuru wa stempu ndio wenye mtego. Victoria humsamehe mnunuzi wa nyumba ya kwanza ushuru wote hadi dola 600,000, halafu nafuu inapungua taratibu mpaka inakwisha kabisa kwenye 750,000. Kwenye 650,000 mtalipa kama 11,356 badala ya 34,070. Mkimshusha muuzaji hadi 630,000 ushuru unakuwa kama 6,574. Maana yake kupunguziwa 20,000 ya bei kunawaokolea karibu 4,800 nyingine juu yake. Dalali anajua hesabu hii. Wanunuzi wengi hawaijui, wanapigania mapazia na mashine ya kufulia. Sharti ni kwamba mhamie ndani ya miezi 12 na mkae humo miezi 12 mfululizo, basi.

Kianzio, ushuru, mwanasheria wa uhamisho wa hati, ada za usajili, mkaguzi wa jengo na lori la kuhamia: katika 60,000 mtabaki na kama 10,000 hadi 12,000. Msiiguse hiyo. Najua macho yatakuwa kwenye makochi mapya.

Kinachoniogofya kidogo si kianzio, ni rejesho. Mkopo wa 617,500 kwa riba ya asilimia 6, miaka 30, ni kama dola 3,700 kwa mwezi. Ikipanda hadi 7 ni zaidi ya 4,100. Benki yenyewe itawapima kana kwamba riba imeongezeka pointi 3, yaani mnaweza kubeba karibu 4,970? Nyumba kama hiyo kuipanga ni dola 450 hadi 520 kwa wiki, tuseme 2,000 hadi 2,250 kwa mwezi. Pengo mnaliona. Fanyeni jaribio kuanzia mwezi huu: lipeni pango lenu la Footscray, halafu tofauti hadi 3,700 iwekeni kwenye akaunti ambayo kadi haifiki. Miezi minne. Na mumeo asihesabu saa za ziada, kwa sababu ghala likipungukiwa na mizigo baada ya Krismasi saa hizo ndizo za kwanza kufutwa.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini mimi mwenyewe nisingenunua Tarneit ili nipangishe. Pango la 26,000 kwa mwaka juu ya nyumba ya 650,000 ni asilimia 4. Riba ni 6. Unapungukiwa kila mwezi ukisubiri bei ipande, mahali ambapo greda bado linafungua viwanja. Wapo wanaotegemea kwamba hasara hiyo itapunguzwa kwenye kodi ya mapato, lakini kupoteza dola moja ili urudishiwe senti thelathini sijawahi kuiona kama biashara.

Kaka yako wa Muscat. Hapa naomba mnisikilize nyote wawili, na ikiwezekana mumsomee.

Jina lake lisiingie kwenye hati. Si kwamba ana nia mbaya, ni kwamba sheria itamwona mgeni. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027 mgeni haruhusiwi kununua nyumba iliyokwishakaliwa Australia, hata sehemu yake, isipokuwa kwa misamaha michache isiyomhusu. Ingekuwa nyumba mpya au kiwanja angeweza kuomba kibali, na ada ya maombi peke yake inazidi dola 14,000. Victoria nayo hutoza mgeni ushuru wa ziada wa asilimia 8 kwa sehemu yake: akimiliki nusu ya 650,000 ni dola 26,000 zimekwenda kabla hamjaingiza kitanda. Kila mwaka kuna nyongeza ya kodi ya ardhi ya asilimia 4 kwa mmiliki asiyeishi nchini. Na ule mpango wa kianzio cha asilimia 5 unataka wote walio kwenye mkopo wawe raia au wakaazi wa kudumu, kwa hiyo mngeupoteza.

Anaweza kuwasaidia kwa zawadi. Benki itataka barua iliyotiwa saini kwamba pesa ni zawadi, hairudishwi, na haimpi haki yoyote kwenye nyumba, pamoja na karatasi za benki yake zinazoonyesha pesa imetoka wapi. Kila hawala inayoingia kutoka nje hupelekewa taarifa AUSTRAC, ile idara inayofuatilia mzunguko wa fedha. Si kosa, ni utaratibu. Tumieni benki, kwa jina lake, kwa mkupuo unaoeleweka. Msigawegawe vipande vidogo mkidhani mnakuwa wajanja, hapo ndipo maswali yanapoanza.

Lakini kama kwa kweli anataka zirudi, hiyo si zawadi, na msitie saini barua ya zawadi. Ni mkopo wa ndugu, benki lazima ijue na itauhesabu kwenye uwezo wenu wa kulipa. Andikianeni mbele ya mwanasheria. Kwetu kuandikishana na ndugu huonekana kama kumtilia shaka, najua. Nimeona familia moja hapa magharibi, mwenye pesa kafariki Ghuba, watoto wake wakaja na ujumbe wa WhatsApp wa miaka sita nyuma kudai nusu ya nyumba. Shangazi na wajukuu hawasalimiani mpaka leo.

Sasa nyumba yenyewe. Hukuniambia iko upande gani wa Tarneit, nalo ndilo ambalo ningeuliza kwanza. Kuna Tarneit ya kusini, karibu na Sayers Road na Hoppers Crossing, iliyojengwa miaka ya 2000, miti imeshakua, viwanja vina upana. Kuna ile inayozunguka kituo cha treni kilichofunguliwa Juni 2015. Na kuna ya kaskazini na magharibi, ambako mbele yenu bado kutajengwa miaka mingi: vumbi, malori, njia moja ya kutokea, shule ambayo kwenye ramani ipo na kwenye ardhi ni nyasi. Bei za matangazo hazipishani sana. Siku ya kuuza zinapishana.

Treni ya Tarneit si ile ya umeme ya mjini, ni ya dizeli ya V/Line, shirika la treni za mikoani, itokayo Geelong. Hufika Southern Cross, kituo kikuu cha katikati ya jiji, kwa nusu saa hivi, jambo zuri kabisa, ila kituo hicho ni cha pili kwa wingi wa abiria katika mtandao wote wa V/Line baada ya Southern Cross yenyewe. Serikali ilishatangaza mwaka 2018 mpango wa reli wa magharibi wenye kuleta umeme. Msinunue kwa ahadi ya reli. Wewe dada, kama zamu yako inaanza saa moja asubuhi, nenda siku ya Jumanne ukafike kituoni saa kumi na mbili unusu utafute pa kuegesha gari. Hilo litakuambia mengi kuliko ripoti yangu.

Ndani ya nyumba, angalia chini kabla ya kuangalia jikoni. Udongo wa magharibi ni mfinyanzi mweusi juu ya mwamba. Kipindi cha mvua unavimba, kiangazi unakauka na kunywea, na bamba la zege lililo juu yake linainuka upande mmoja kama mkate uliochomwa vibaya. Nikiingia naangalia pembe za juu za milango. Ufa mwembamba kama unywele si kitu, rangi itaufunika. Ufa unaopita kwa mshazari kutoka pembe ya mlango kwenda darini, ambao sarafu ya senti tano inaingia, huo nauandika. Halafu nafungua milango yote ya vyumba mmoja mmoja: unaokwaruza juu, au unaojifunga wenyewe ukiuachia, unanieleza kuwa sakafu imekwenda. Natoka nje natazama maji ya paa yanamwagika wapi. Bomba likiishia ukutani badala ya kwenye mtaro, kila mvua inalowesha kona moja ya msingi na kuiacha nyingine kavu. Mti mkubwa mita mbili kutoka ukutani hufanya kinyume, unanyonya. Mara nyingi rangi iko mpya upande mmoja tu wa sebule. Uliza kwa nini.

Mlipe mkaguzi wenu, si yule anayependekezwa na dalali. Ni mia chache za dola.

Na kuna jambo ambalo hamkuuliza. Kwa pesa hiyo hiyo, au chini yake, vuka tu barabara uende Hoppers Crossing. Nyumba za matofali za miaka ya 1980 na 1990, jiko la mbao za kahawia ambalo mtalichukia, bafu la rangi ya waridi. Lakini kiwanja ni mita 600 hivi, treni ni ya umeme kwa laini ya Werribee, shule zipo tayari, na hakuna mjenzi anayeweza kuchonga kiwanja kipya hapo kushindana nanyi. Jengo litazeeka zaidi, ndiyo, na mtatumia pesa kwenye paa na mabomba. Ila ninachokithamini ni ardhi. Wengi wa watu wetu hawaendi kutazama kwa sababu picha za mtandaoni hazivutii. Tazameni tatu kabla hamjatia saini ya Tarneit, hata kama ni kwa ajili ya kunibishia.

Mkishauriwa "nunua kiwanja na nyumba mpya kwa pamoja", faida zipo: zile dola 10,000, na kwa kawaida ushuru hutozwa kwa kiwanja tu, ambacho kiko chini sana ya 600,000, yaani sifuri. Hatari yake ni muda. Hati ya kiwanja inaweza kuchelewa, ujenzi unachukua mwaka na zaidi, na kipindi chote mnalipa pango la Footscray na riba ya kiwanja kwa wakati mmoja. Tarehe 31 Machi 2023 kampuni kubwa ya ujenzi ya Porter Davis ilifilisika ikaacha nyumba zipatazo 1,700 Victoria na Queensland hazijaisha, na mamia ya wateja wakagundua bima waliyodhani wamekatiwa haikukatwa. Serikali ya Victoria ilibidi iingilie kati kuwafidia. Mkienda njia hiyo, cheti cha bima ya ujenzi kiwe mkononi mwenu kabla arubuni haijatoka, si baada.

Mnunuzi mwenye haraka hapa huumizwa na karatasi kuliko bei. Dalali ni wa muuzaji, hata akikuita sister na kukuulizia watoto. Lazima akupe karatasi ya bei yenye mauzo matatu ya jirani ya kulinganisha. Yasome kwa miguu: nendeni mkazione hizo nyumba tatu kwa nje. Muuzaji lazima atoe taarifa ya Kifungu cha 32, na hiyo mpelekeeni mwanasheria kabla ya saini. Humo ndimo mtaona kama kuna mpango wa barabara kuu juu ya ardhi, masharti ya mtaa, au gereji iliyogeuzwa chumba bila kibali. Chumba cha gereji kisicho na kibali kwangu mimi bado ni gereji, na benki itakikopesha kama gereji.

Nyumba nyingi Tarneit huuzwa kwa maelewano, si kwa mnada, nayo ni bahati yenu. Kwa maelewano sheria inawapa siku tatu za kazi kubadili mawazo mkapoteza asilimia 0.2 tu, dola 1,300 kwa nyumba hii. Kwenye mnada hakuna kurudi nyuma. Na mkataba uwe na maneno mawili ya lazima: benki ikikataa mkopo tunatoka, mkaguzi akikuta kasoro kubwa ya jengo tunatoka. Dalali atakwambia kuna mnunuzi mwingine asiyetaka masharti hayo. Mwache anunue.

Ofa yangu ningeianzia 615,000, bila kuona haya. Ikikataliwa, kaa kimya wiki moja. Uliza imetangazwa tangu lini. Ikiwa imepita siku 45 muuzaji naye hulala vibaya.

Harufu. Mtambo mkubwa wa maji taka uko Werribee, kusini, pwani ya ghuba. Umekuwepo tangu miaka ya 1890, unashughulikia karibu nusu ya maji taka ya Melbourne, na siku hizi watu husafiri kwenda kutazama ndege kwenye mabwawa yake. Si jirani yenu. Jalala kubwa liko Ravenhall, upande wa kaskazini, na linalonuka zaidi siku za joto zisizo na upepo ni hilo, ila Caroline Springs na Derrimut wanaumia kuliko Tarneit. Nendeni mara mbili: jioni moja ya joto, na asubuhi moja ya upepo wa kusini. Egesheni gari mbele ya nyumba, shusheni vioo, mle chapati zenu humo humo nusu saa. Mkimaliza bila kufunga vioo, hilo limekwisha.